Utepe Uliobaki Mkononi

Mtaani kwake walimwita Pandashuka, na jina hilo hakulichukia, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa lifti. Alizijua lifti za mji wake kama tabibu anavyovijua vifua vya wagonjwa wa siku nyingi: hii hukohoa ikifika ghorofa ya tatu, ile hugoma siku za mvua, na ile nyingine ya jumba la madaktari hailalamiki kamwe, kwa hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mafuta meusi kwenye mistari ya viganja ambayo sabuni ilikwisha kuikatia tamaa. Watu aliowapandisha juu hawana idadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika juu zaidi ya ghorofa ya kumi na tisa.

Kisha binti yake, anayefanya kazi kwa wakala wa safari, akawaletea wazazi wake tiketi mbili. Ndege ya moja kwa moja, mwendo wa saa kumi na moja angani bila kutua popote, siku nne katika mji wa ng'ambo, halafu nyumbani.

"Siku nne?" fundi aliuliza. "Mtu anavuka bahari kwa siku nne, kama anayekwenda kwa jirani kuazima kibiriti?"

"Baba, ningekupa wiki mbili ungesema lifti zitakulilia. Siku nne huna kisingizio."

Mkewe, aliyekuwa mshonaji, hakuuliza siku. Alizichukua tiketi, akazibana ndani ya kitabu chake cha vipimo vya wateja, akasema kitu kimoja tu: kwamba angependa, walau mara moja kabla hajafa, kuamka mahali ambapo hakuna mtu atakayebisha hodi na suruali ya kupunguzwa.

Ndiyo hivyo Jumamosi ile, saa nane kasoro robo mchana kwa saa ya mkononi ambayo fundi alikataa kuibadilisha, walikuwa wameketi safu ya thelathini na tatu, bahari iko chini yao na hawaioni kwa mawingu. Walikuwa wamekwisha kula. Mhudumu, binti mwembamba mwenye sauti ya upole wa kufundishwa, alikuwa amegawa fomu za kuingilia nchi ya watu. Mkewe alikuwa ameanza kujaza yake kwa mwandiko wa kupanga, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Fundi alitia mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta kalamu, akatoa utepe.

Ulikuwa utepe wa kitambaa chekundu, urefu wa shibiri moja na nusu, umechakaa kingoni. Aliutazama kama mtu anayeona viatu vya marehemu mlangoni.

Utepe ule una kisa chake. Alipokuwa kijana, fundi alifundishwa kazi na mzee aliyebakiwa na vidole viwili katika mkono wa kushoto. Mzee yule alikuwa na sheria moja kuliko zote. Lifti za zamani, zile za milango ya kuvuta kwa mkono, zina kitasa kwenye mlango wa kila ghorofa, na ndani ya kitasa kuna kiungo kidogo cha umeme. Mlango usipofungwa sawasawa, lifti haiondoki. Lifti isipokuwepo, mlango haufunguki. Lakini kitasa kinapoharibika, fundi akitaka kuisogeza lifti ili aone ugonjwa uko wapi, hana budi kuidanganya: anapachika kipande cha waya kwenye kabati la umeme, juu kule kwenye chumba cha mashine, na lifti inaamini mlango umefungwa hata kama uko wazi.

"Kabla hujaidanganya lifti," mzee alikuwa akisema, "jifunge kwanza mwenyewe. Waya ukiingia, utepe mkononi. Waya ukitoka, ndipo utepe ufunguliwe. Na aliyeweka ndiye atoaye. Mwingine asiguse."

Mafundi wote waliopita mikononi mwa mzee yule walifunga utepe. Mwenzake wa kazi, aliyeitwa Spana kwa sababu ya taya zake, aliuita pete ya mke mdogo. Na mkewe fundi, ambaye ndiye aliyezishona tepe zote zile kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, alikuwa akimwambia, "Huyo mke mdogo nimemvalisha mimi, kwa hiyo asilete maringo."

Sasa mke mdogo alikuwa mkononi mwake, angani.

Alijaribu kukumbuka kwa utaratibu. Saa kumi na mbili asubuhi alipigiwa simu: lifti ya jumba la zamani lenye ghorofa saba imegoma. Spana alikuwa kazi nyingine, upande wa pili wa mji. Akaenda mwenyewe, si mbali na kwake, na ndege ni saa sita. Kitasa cha ghorofa ya nne kilikuwa kimelika. Akapanda juu, akapachika waya, akafunga utepe. Akashuka, akatoa kitasa kibovu, akafunga kipya. Simu ikalia: mkewe, teksi imefika. Akajaribu mlango mara mbili. Simu ikalia tena. Akanawa mikono kwenye bomba la mlinzi. Simu ikalia mara ya tatu, na safari hii mkewe hakusema kitu, alimpa dereva simu aongee mwenyewe.

Je, kati ya mlango na bomba, alipanda juu kuutoa waya? Aliiona ngazi ya chuma, aliona mkono wake kwenye kabati. Lakini ngazi ile ameipanda miaka thelathini na mmoja. Kumbukumbu inaweza kuwa ya leo, inaweza kuwa ya mwaka juzi.

Kiwanja cha ndege ndiko alikoufungulia. Askari wa ukaguzi alikuwa amewaambia, "Toa vyote vya mkononi na kiunoni, mzee." Mkewe wakati huo alikuwa akigombania kopo la mafuta ya kujipaka lililozidi kipimo. Fundi, mkono mmoja ukiishikilia suruali isiyo na mkanda, alifungua saa, akafungua na kile kilichokuwa karibu na saa, akatia mfukoni bila kukitazama. Utepe ulikuwa umefichwa na mkono wa shati la mikono mirefu alilobadilisha kwa haraka nyumbani. Kama utepe ulifika kiwanjani ukiwa mkononi, basi waya umebaki kabatini.

Au aliutoa waya akasahau utepe. Hilo halijawahi kutokea. Lakini na lile lingine pia halijawahi kutokea.

"Una nini?" mkewe aliuliza bila kuinua macho. "Andika jina la ukoo kwa herufi kubwa."

Alikuwa akimfikiria Mama Mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, ghorofa ya nne, mlango unaotazamana na lifti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alishakataa kupasuliwa mara mbili. Kila siku saa kumi alasiri hushuka kununua mkate na gazeti, gazeti ambalo mlinzi humsomea na yeye humsahihisha matamshi. Hatazami ndani ya lifti kabla ya kuingia, kwa kuwa hata akitazama haoni. Huvuta mlango, mlango ukikubali anatia mguu. Mwaka jana alimwambia fundi, kwa fahari ya mtu aliyepata ufumbuzi, "Mimi mlango huu ndio macho yangu, baba. Ukifunguka, najua lifti ipo."

Kitasa kipya kilikuwa kimefungwa, lakini hakikujaribiwa bila waya. Kitasa kipya kisichojaribiwa ni kama mkwe mpya: mwache alale siku mbili ndipo umsifu. Kikikosa kushika, na waya uko kabatini, lifti itaondoka na kuuacha mlango wa nne umerudishwa tu, unafunguka kwa yeyote atakayeuvuta. Nyuma ya mlango huo kuna shimo la ghorofa nne.

Saa ilisema nane kamili.

"Mama watoto," alisema. Akauweka utepe juu ya fomu ya mkewe.

Mkewe aliutazama, akamtazama. Yeye ndiye aliyeupinda kingo, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Kalamu ilisimama.

"Usiniambie."

"Nakwambia."

"Umeuleta tu. Umeufungua ukaja nao mfukoni."

"Nimeufungulia kiwanjani."

Hasira ilimtoka mkewe kwa sauti ya chini, maana kiti cha mbele kulikuwa na watu. "Siku moja. Nimekuomba siku moja tu usiende. Nilikwambia mwache Spana amalize yake aje. Wewe na lifti zako, kama vile zitakuzika!"

"Umenipigia simu mara tatu," fundi alisema.

Alijuta neno lile kabla halijafika. Mkewe aligeuza uso dirishani, kwenye mawingu, na mabega yake yakapanda yakashuka. Aliporudisha uso, hasira ilikuwa imehama na kumwachia kitu kingine, kizito zaidi.

"Nani anakaa hiyo ghorofa ya nne ulikokuwa?" aliuliza, ingawa alijua, alikwisha kumshonea sketi mbili.

"Mama Mwalimu."

"Saa ngapi hushuka?"

"Saa kumi."

Mkewe alibonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, akakibonyeza tena kabla taa haijawaka.

Ndege ile haikuwa na mtandao siku hiyo. Walitangaziwa mapema na kuombwa radhi. Kwa hiyo fundi alimweleza yule binti mwembamba kwa mdomo, na alieleza vibaya. Alianza na kitasa, akaenda kwenye waya, akarudi kwa mzee wa vidole viwili. Binti alimsikiliza ameinama, uso umejaa huruma, kisha akamletea maji.

"Ni safari yako ya kwanza, mzee wangu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Wengi huwa hivyo. Mawazo ya nyumbani. Mwingine aliniambia ameacha ng'ombe hajafungwa, kumbe hana ng'ombe. Vuta pumzi, toa taratibu."

Fundi alivuta pumzi kwa adabu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na tano, na mtu mzima wa miaka hamsini na nane alikuwa akifundishwa kupumua. Aibu ilimpanda shingoni, na pamoja na aibu kikaja kishawishi, kitamu kama usingizi: kunyamaza. Huenda waya aliutoa. Huenda kitasa kinashika. Akisema, ofisi yote itajua kwamba Pandashuka, ambaye kila fundi mpya hupelekwa kwake kuonyeshwa namna ya kufunga utepe, ameuacha waya kabatini kama mwanagenzi. Cheti chake kitawekwa mezani. Akinyamaza, baada ya siku nne atapanda juu, atautoa kimya kimya, na hakuna atakayejua.

Binti aligeuka aende zake. Mkewe akamshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "niangalie mimi. Huyu mzee nimeishi naye miaka thelathini. Hajawahi kuomba hata chumvi mezani. Chakula kikiwa chapwa anakula. Akisema kuna mtu atakufa, usimpe maji. Kaniletee mkubwa wako."

Mkubwa wake alikuja, mwanamke wa makamo, nywele zimefungwa nyuma kwa nguvu hata nyusi zimenyanyuka. Huyu hakuwa na huruma, na fundi alishukuru. Aliuliza maswali mafupi. Jumba gani. Nani atakayepokea simu. Kifanyike nini.

"Una hakika waya umebaki?"

"Sina."

"Mzee, siwezi kwenda kwa rubani na labda."

Fundi aliangalia viganja vyake. Safari hii hakuanzia mbali. "Ukiniuliza kama nina hakika, sina. Ukiniuliza kama ningemruhusu mama yangu mzazi aufungue mlango ule leo, nakwambia hapana. Ndicho ninachokijua."

Yule mwanamke alimtazama kitambo. Akatoa kalamu mfukoni mwake. "Andika. Maneno machache. Rubani atayatuma ofisi yetu ya ardhini, wao watapiga simu. Siahidi itachukua muda gani."

Fundi aliandika nyuma ya fomu ya kuingilia nchi. Aliandika jina la jumba, namba ya mlinzi na ya Spana kutoka kwenye simu yake. Halafu: *Zimeni swichi kuu ya lifti sasa hivi. Mlango wa ghorofa ya nne usifunguliwe na mtu. Huenda nimesahau waya kabatini.* Akaweka jina lake la kazini.

Mkewe alisoma juu ya bega lake. Akachukua kalamu, akalikata neno *huenda*.

"Watu wakiona huenda, watamaliza chai kwanza," alisema.

Fundi aliitazama sentensi iliyobaki. *Nimesahau waya kabatini.* Ilikuwa imesimama peke yake, uchi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliinua karatasi, akaikabidhi.

Saa nane na nusu.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Maisha yake yote fundi alikuwa mtu wa kwenda. Lifti ikikwama, anakwenda. Mtu akinaswa ndani akapiga kelele, anasimama nje ya mlango na kumwambia, "Mimi nipo hapa, usiguse kitu," na sauti ya mtu hutulia. Sasa yeye ndiye aliyenaswa ndani ya sanduku la chuma, na nje ya mlango hakuna mtu.

Saa tisa ilipita. Abiria walilala, midomo wazi. Mtoto safu ya mbele alicheka peke yake na katuni. Mkewe alikuwa ameuchukua utepe, akiuchambua nyuzi zilizochomoka kingoni, moja moja, akizipanga juu ya goti.

"Kitasa ni kipya," alisema.

"Ni kipya."

"Mlinzi ni mtu makini."

"Mchana husinzia."

"Na wewe nawe! Nikubalie hata moja."

Saa tisa na nusu fundi aliinuka, akaenda hadi kwenye pazia la wahudumu. Yule mkubwa alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Ujumbe ulipokelewa, jibu bado. Alirudi kiti chake akihesabu safu kwa vidole, kama anavyohesabu ghorofa gizani.

Saa kumi kasoro robo. Sasa anavaa kitambaa cha kichwa. Sasa anatafuta funguo kwenye bakuli. Fundi alikuwa amewahi kunywa maji nyumbani kwake, alijua bakuli liko wapi. Kasoro kumi. Anafunga mlango wake, anaujaribu kitasa mara mbili, mwalimu ni mwalimu. Mkewe alimshika kiganja, kile chenye mafuta yasiyotoka, akakibana kwa nguvu za mkono uliosukuma cherehani miaka mingi. Saa kumi kamili ilikuja, mkono wa dakika ukaivuka, na duniani hapakusikika kitu ila mngurumo wa ndege.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili yule mwanamke mwenye nywele za kubana alipokuja. Alikuwa na kikaratasi, na alikisoma akiwa amechuchumaa kwenye njia, sauti ya chini.

"Swichi imezimwa saa kumi kasoro dakika tano. Hakuna aliyeumia. Mama wa ghorofa ya nne yupo salama, amekataa kupelekewa mkate, ameshuka kwa ngazi akisindikizwa na mlinzi. Waya umekutwa kabatini."

Akampa karatasi aitunze. "Nimefurahi hukunywa yale maji," alisema, akaondoka.

Mkewe alilia kimya, akajifuta kwa pembe ya blanketi la ndege. Fundi hakulia. Alilisoma neno la mwisho mara nyingi: *kabatini*. Basi ngazi ile aliyoikumbuka haikuwa ya leo. Miaka yote alidhani kichwa chake ndicho kinachokumbuka, kumbe alikuwa anakumbushwa na kitambaa.

Walitua jua la huko likiwa bado juu. Simu ilipopata mawimbi, ya kwanza kuingia ilikuwa ya Spana.

"Pandashuka! Umeshuka?"

"Nimeshuka."

"Afadhali, maana huku umetupandisha." Akacheka, kisha kicheko kikakauka. "Sikiliza, ndugu yangu. Mchana, kama saa saba hivi, lifti iliondoka ikaacha mlango wa nne umerudishwa tu. Mlinzi aliuona. Akaubana na kigoda."

"Kigoda."

"Kigoda. Akarudi kukaa. Simu ilipopigwa, Mama Mwalimu alikuwa tayari ukumbini, anakisogeza kigoda kwa fimbo, anamtukana aliyekiweka njiani. Mlinzi alizima swichi kwanza, ndipo akapanda ngazi huku anampigia kelele asimame."

Fundi aliegemea ukuta. Watu wa nchi nyingine walimpita na masanduku yao ya magurudumu. Mkewe alisimama mbele yake, akiwakinga wasimgonge.

"Upo?" Spana aliuliza.

"Nipo. Mkubwa wetu wa kazi anasemaje?"

"Anasema ukirudi mtaongea. Ameandika. Unajua alivyoandika, na wewe ungeandika vilevile." Kikohozi. "Lifti tumeifunga kwa kufuli. Waya sijaugusa."

"Ungeutoa tu, Spana. Wale watu wana ngazi saba."

"Aliyeweka ndiye atoaye. Si wewe uliyenifundisha? Mama Mwalimu nimeshamwambia. Anasema atasubiri, lakini ana maneno nawe, na ameomba uende na daftari."

Simu ikakatika. Fundi alimweleza mkewe yote, pamoja na kigoda. Aliposema kigoda aliishia hapo, na mkewe hakumsaidia kumalizia.

"Binti yetu anaweza kubadilisha tiketi," fundi alisema. "Kuna ndege ya kesho."

Mkewe alifikiri. Usoni mwake zilionekana zile siku nne, mlango usiobishwa hodi. Fundi aliziona, naye akangoja.

"Unataka kurudi kesho?"

"Nataka kuutoa."

"Lifti imefungwa kwa kufuli. Mama yule anasindikizwa ngazini. Ukifika kesho au ukifika Jumatano, utautoa mara moja tu." Akafungua mkoba, akatoa utepe mwekundu, kingo zake zimesafishwa nyuzi. "Lete mkono."

Aliufunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, juu ya saa, fundo la kushonea, lile lisilofunguka kwa bahati. Hakukaza sana. Kisha akashusha mkono wa shati, akasita, akaupandisha tena hadi kwenye kiwiko, ili utepe uonekane.

Zipo picha za safari ile. Binti yao amezitia kwenye fremu sebuleni. Fundi mbele ya daraja, fundi mbele ya sanamu ya farasi, fundi ameshika kikombe cha kahawa kidogo kama kofia ya kidole ya mshonaji. Hacheki katika hata moja. Wageni huuliza kile kitambaa chekundu mkononi ni cha nini, na mkewe huwaambia ni mke mdogo, tulikwenda naye. Fundi huwaacha wacheke. Halafu huwaeleza, kuanzia kwenye kigoda.